Sahihi ya Bwana Stoo

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, alikuja kunisalimu akiwa na karatasi aliyoandika kozi anazotaka kuomba. Katika ukoo wetu imekuwa desturi kwamba kijana asiombe masomo yoyote kabla ya kupitia kwa babu. Sidhani kama wanafanya hivyo kwa sababu ushauri wangu ni mzuri sana. Wanajua tu kwamba nilikuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi, na mzee aliyezoea kukagua madaftari hukosa raha asipopewa cha kukagua.

Nilivaa miwani nikasoma. Chaguo la kwanza, Ununuzi na Ugavi. Chaguo la pili, Ununuzi na Ugavi katika chuo kingine. La tatu, vivyo hivyo.

"Babu, mbona kimya?"

"Nasoma."

"Ni mistari mitatu tu, Babu."

Bibi yake, aliyekuwa anachambua mchele barazani, akadakia: mtoto mwenye alama nzuri namna ile anakwendaje kusomea kazi ya stoo? Kwa nini asisome sheria, au hata ualimu kama babu yake? Mjukuu akacheka. Mimi sikucheka, wala sikumuunga mkono bibi. Maneno yale, "kazi ya stoo", yalikuwa yamenirudisha mwaka 1983. Niliyatamka mimi mwenyewe mwaka ule, nikiwa nimeketi katika kiti cha ukuu, mbele ya mtu ambaye sitamtaja jina kwa kuwa sikupata kumwomba ruhusa ya kumwandika. Makala haya ni sehemu ya deni langu kwake.

Lakini niliona nimweleze mjukuu kwanza kazi hii imetoka wapi. Anayeingia katika kazi bila kujua asili yake ni kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu kwa mlango wa uani. Atakula na atalala, lakini atachelewa sana kujua mwenye nyumba ni nani.

Wakati wa Mwingereza, nchi yetu kwa hakika haikuwa na mnunuzi wake. Mahitaji makubwa ya serikali ya kikoloni yaliagizwa kupitia Crown Agents, ofisi iliyoanzishwa London mwaka 1833 ili kuyashughulikia makoloni katika fedha na ununuzi. Mitambo, vifaa vya reli, hata stempu za barua, vilipitia mikononi mwao. Maana yake ni kwamba maamuzi mazito, yaani nini kinunuliwe, kwa nani na kwa bei gani, yalifanyika ng'ambo. Huku kwetu ilibaki kazi ya kupokea, kuhesabu, kupanga na kugawa. Kwa maoni yangu dharau ilianzia hapo. Kuamua ikawa kazi ya bwana mkubwa, na kuhesabu ikawa kazi ya karani.

Tukapata Uhuru mwaka 1961, na mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Makampuni makubwa ya biashara ya nje na ya jumla yakataifishwa na kuwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, ambalo watu wengi walilijua kwa herufi zake za Kiingereza, STC. Mwaka 1973 shirika hilo likavunjwa, na zikazaliwa kampuni za biashara za mikoa, zile RTC ambazo kila aliyeishi miaka ile anazikumbuka kwa foleni zake. Nchi ambayo jana ilikuwa ikinunuliwa sasa ilitakiwa inunue yenyewe: nguo, majembe, baiskeli, dawa, karatasi, vipuri. Ghafla zilihitajika fikra na mikono mingi ya watu wanaojua kununua. Watu hao walikuwa wachache mno, na wengi wao walijifunza kazi wakiwa kazini.

Nami nilikuwa mmoja wa walionunua bila kufundishwa. Nilihitimu chuo cha ualimu mwaka 1973. Tulifundishwa saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu, azimio la kazi na andalio la somo, na tulifundishwa vizuri. Lakini katika miaka yangu yote chuoni sikumbuki hata saa moja iliyotumika kunieleza namna ya kusoma ankara. Mwaka 1981 nikakabidhiwa shule ya sekondari ya bweni yenye wanafunzi 480, na tangu siku hiyo nikawa mnunuzi wa maharage, kuni, sabuni, chaki, mafuta ya taa na dawa ya mende. Jioni nilikuwa mwalimu. Mchana kutwa nilikuwa mfanyabiashara asiye na duka.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria Na. 9 ya mwaka 1981, iliyounda bodi ya taifa ya kusimamia taaluma ya vifaa, iliyojulikana kama NBMM. Kwa mara ya kwanza nchi ilikuwa inasema kwamba kutunza na kununua mali ni taaluma yenye masomo yake na miiko yake, kama vile uhasibu ulivyo. Mimi jambo hilo halikunifikia, na lingenifikia nisingelijali. Aliyelisikia ni bwana stoo wangu.

Alikuwa mtu mwembamba, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mpole wa sauti. Stoo yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo nyuma ya jiko. Kila kitu kilikuwa na mahali pake na kila kitu kilikuwa na kadi yake. Kikiingia, aliandika, kikitoka, aliandika, kilichobaki, aliandika. Leja yake ilikuwa na mwandiko ambao ningependa walimu wangu wengi wangekuwa nao. Jikoni hakutoa gunia kwa gunia. Alipima maharage kwa kilo kila asubuhi kufuatana na idadi ya wanafunzi waliokuwapo, akitumia orodha ya bweni. Wapishi walimwita mchoyo. Mimi nilimwona mtu mzuri wa kazi ndogo.

Mapema mwaka 1983 aliniletea barua. Aliomba nimpendekeze aende Dar es Salaam kusomea mambo ya vifaa, ili baadaye aingie katika taaluma hiyo mpya. Nakumbuka nilitabasamu nikamwambia, "Bwana, kazi ya stoo nayo mtu huisomea? Si kuhesabu tu?" Akajibu kwa adabu, "Ndiyo Mkuu, ni kuhesabu." Nikaiweka barua katika saraka ya meza yangu nikasema nitaishughulikia.

Wasomaji wa rika langu wanajua mwaka 1983 ulikuwa mwaka gani. Vita vya kumng'oa Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika tangu 1977, mafuta yalikuwa ghali, na bidhaa za kawaida kama sukari na sabuni zilitafutwa kama lulu. Mwaka huohuo serikali ilianzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria kali ikatungwa. Kuonekana na mali usiyoweza kuieleza, au kushindwa kueleza mali iliyopotea mikononi mwako, lilikuwa jambo la kumnyima mtu usingizi.

Katika hali hiyo, shule yangu ilikuwa imekaa siku tisa bila maharage. Wanafunzi walikuwa wanakula ugali kwa mboga za majani zilizokwisha kukomaa, na kiranja mkuu alikuwa amekwisha kunionya kwa heshima kwamba bweni la kidato cha tatu "linanung'unika". Mkuu yeyote wa shule ya bweni anajua neno hilo lina maana gani. Mzabuni wetu wa chakula alikuwa ameahidi magunia 60. Siku ya kumi, jua likielekea kuzama, lori likaingia.

Bwana stoo alisimama nyuma ya lori na daftari lake, akahesabu kila gunia lililoshushwa. Yalipokwisha akasema, "Ni arobaini na nane." Hati ya kupokelea ilisema 60. Mtu wa mzabuni akaeleza kwamba magunia 12 yamebaki njiani kwenye lori jingine lililoharibika, yatafika kesho asubuhi. Ila hati lazima isainiwe yote jioni ile, kwa kuwa malipo yanafungwa kesho na bila malipo hawataweza kuleta mzigo wa mwezi unaofuata. Bwana stoo akaandika 48 kwenye hati, akatia sahihi yake mbele ya tarakimu hiyo. Mtu wa mzabuni akapandisha hasira akasema basi mzigo wote unarudi ulikotoka.

Wakaja kwangu wote wawili. Nilimsikiliza mtu wa mzabuni, nikatazama nje, nikawaona wanafunzi wamejipanga kando ya jiko wakiyaangalia yale magunia. Nikamgeukia bwana stoo: "Saini sitini, bwana. Watoto wana njaa."

Akasema, "Mkuu, mimi nitasaini niliyoyahesabu. Kesho yakija kumi na mawili, nitayahesabu, nitayasaini."

Hakupandisha sauti. Pengine angepandisha sauti ningemsamehe. Mbele ya mgeni, mbele ya walimu wawili, mbele ya wapishi, mtu wa stoo alikuwa amemkatalia mkuu wa shule. Nikachukua hati, nikakata 48 yake, nikaandika 60, nikatia sahihi yangu na mhuri wa shule. Lori likaondoka. Usiku ule wanafunzi walikula maharage wakaimba. Nikalala nikijiona kiongozi.

Ile kesho ya magunia 12 haijafika mpaka leo.

Sikukubali kwamba nimekosea. Binadamu akiumbuka mbele ya aliye chini yake huitafuta njia ya kumwondoa shahidi. Baada ya wiki tatu niliandika kwa wakubwa zangu kwamba bwana stoo haambiliki, nikaomba ahamishwe. Akahamishwa wilaya nyingine, si stoo tena bali masjala, kupanga mafaili. Siku anaondoka alinikabidhi funguo, kadi zote, na leja, kila ukurasa umefungwa kwa mstari na tarehe. Nilizipokea bila kuzitazama.

Wakaguzi wa hesabu walikuja mwaka 1984. Walikuwa vijana wawili, wapole kama madaktari. Waliitandaza ile hati mezani kwangu. Serikali ililipa magunia 60. Tarakimu 48 ilikuwa imekatwa, 60 imeandikwa juu yake, na sahihi ilikuwa yangu. Mmoja akauliza, "Mkuu, kumi na mawili yako wapi?"

Naomba msomaji atulie kidogo hapa, maana hapa ndipo hesabu inapokuwa uhai wa mtu. Gunia lilikuwa kilo 100. Magunia 12 ni kilo 1,200. Wanafunzi 480, kila mmoja kwa gramu 125, hula kilo 60 kwa siku. Kwa hiyo kilichopotea kilikuwa chakula cha siku 20 cha shule nzima. Ama mzigo huo haukufika, au ulifika mimi nikauuza. Sahihi yangu ilisema ulifika. Kwa sahihi yangu mwenyewe, mimi nilikuwa mwizi.

Kilichoniokoa ni leja ya mtu niliyemfukuza. Ilionyesha magunia 48 yameingia, siku, saa, na namba ya lori. Ilionyesha kilo zilizotoka kwenda jikoni kila siku, sambamba na idadi ya wanafunzi, mpaka gunia la mwisho. Wakaguzi walijumlisha usiku kucha, hesabu ikafungana. Wakaridhika kwamba yale magunia hayakuingia shuleni kabisa, na kwamba kosa langu lilikuwa uzembe, si wizi. Nilipewa onyo la maandishi nikakatwa mshahara kwa miezi 14. Mzabuni hakuonekana tena. Miezi 14 ile mke wangu, huyuhuyu anayechambua mchele barazani, alilima bustani ya nyanya ili tule.

Nilipokuwa nawatafutia wakaguzi karatasi nyingine, nilivuta saraka ya meza yangu. Chini kabisa ilikuwapo ile barua ya kuomba kwenda kusoma. Ilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Nilimwona bwana stoo mara moja tu baada ya hapo, mwaka 1991, stendi ya mabasi. Alikuwa na mvi. Katika miaka yote aliyokuwa chini yangu sikuwahi kumwamkia, kwa sababu mkuu haamkii watu wa stoo. Siku ile nilisema, "Shikamoo." Akanitazama, akasema, "Marahaba, Mkuu." Nilianza kumwomba radhi, maneno yakanisonga kooni. Akanikatiza kwa swali moja: "Yale kumi na mawili, yaliletwa?"

"Hayakuletwa."

"Basi leja ilikuwa sahihi," akasema, akapanda basi lake.

Hakupata kwenda kusoma. Umri ulikuwa umepita.

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, lakini ni siku ile nilipotambua kwamba lugha yetu imetumia neno moja kwa mambo mawili. Sahihi ni jina unaloliandika chini ya karatasi, na sahihi ni kitu kisicho na kosa. Wazee walioitumia hivyo lugha walitaka mambo hayo mawili yasitengane. Mimi niliyatenganisha kwa kalamu ya wino wa bluu.

Sasa nirudi kwenye historia, maana yaliyonipata mimi na magunia 12 yaliipata nchi kwa mizani kubwa zaidi. Miaka ya tisini biashara ilipofunguliwa, wazabuni waliongezeka na fedha zikaongezeka, lakini taratibu za zabuni zilikuwa bado zimetapakaa katika miongozo ya fedha na bodi kuu ya zabuni. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba iliyochunguza kero ya rushwa ilieleza wazi kwamba zabuni na mikataba ya serikali ni miongoni mwa mahali rushwa ilipojenga kiota. Ndipo ikatungwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2001, na baada yake Sheria Na. 21 ya mwaka 2004, ambayo mimi naihesabu kuwa ndiyo iliyogeuza ukurasa.

Sheria ya 2004 iliunda mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, PPRA, lakini si hilo lililonigusa. Lililonigusa ni kwamba iligawa kazi katika mikono mbalimbali. Mwenye kuhitaji kitu ni mwingine. Kitengo kinachosimamia ununuzi ni kingine. Bodi ya zabuni inayoidhinisha ni nyingine. Na afisa masuuli anayewajibika kwa fedha ni mwingine. Kila mkono ukatakiwa ufanye kazi yake bila kuingiliwa na mwenzake. Nilipoisoma, nikiwa nimebakiza miaka sita kustaafu, niliweka karatasi chini. Kile alichokuwa akinieleza bwana stoo kwa sentensi moja nyuma ya lori, Bunge lilikuwa limekiandika kwa vifungu.

Mwaka 2007 ikatungwa Sheria Na. 23, iliyoweka Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi mahali pa ile NBMM ya 1981. Sheria za ununuzi zimeandikwa upya mwaka 2011 na tena mwaka 2023, na mwaka huohuo wa 2023 ukaanza kutumika mfumo wa kielektroniki unaoitwa NeST, ambamo zabuni za serikali hutangazwa na kushindaniwa bila mtu kubeba bahasha.

Lakini ununuzi mmoja nimwombe msomaji asiusahau, kwa kuwa uliishia darasani. Ni ule wa rada. Serikali yetu iliinunua kwa kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, na tangu mwaka 2001 palikuwa na mabishano makali, hata ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe, kama nchi maskini ilihitaji kitu cha bei ile. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu kuhusu biashara hiyo. Angalia kosa lenyewe, msomaji: leja! Ilitozwa faini, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo, ambazo watu waliziita "chenji ya rada", zilikuja baada ya makubaliano ya mwaka 2012 zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu. Nilifurahi watoto kupata vitabu, lakini nilijiuliza ni watoto wangapi waliomaliza shule bila kitabu wakati fedha hizo zikiwa safarini kwenda na kurudi.

Mjukuu alinisikiliza mpaka hapo. Kisha akasema, "Lakini Babu, hayo yalikuwa ya karatasi. Siku hizi kila kitu kimo kwenye mfumo. Mkubwa hawezi kukata tarakimu na kuandika juu yake."

Nikamwambia, "Mfumo unajua ulichouandikia, mjukuu wangu. Haujui lori limebeba nini."

Alinyamaza, halafu akauliza swali la maana: "Sasa nisisome?"

Nikamwambia asome, tena asome kwa bidii. Nikamweleza kama nitakavyomweleza kijana yeyote mwenye nia hiyo. Shahada au stashahada ni mlango tu. Baada yake kuna mitihani ya Bodi, mpaka ile ngazi ya juu inayoitwa CPSP, na kuna kusajiliwa, kwa kuwa sheria hairuhusu mtu kuifanya kazi hii kama mtaalamu bila usajili. Ataanza afisa ugavi wa daraja la chini, na akidumu anaweza kufika kuwa meneja au mkurugenzi wa ununuzi katika shirika, hospitali, mgodi au wizara. Meneja huyo hashindi stoo. Huandaa mpango wa mwaka wa ununuzi, husimamia nyaraka za zabuni, hupitia mikataba na kufuatilia kama mgavi ametimiza. Viongozi wetu wamesema mara nyingi kwamba takriban asilimia 70 ya bajeti ya serikali hupitia katika ununuzi. Si kazi ya mtu aliyekosa pa kwenda.

Nikamwongezea matatu ambayo nadhani hayamo katika vitabu vyao. La kwanza, hata ukiwa na shahada, omba uanzie stoo. Aliyewahi kuhesabu magunia kwa mkono wake hadanganyiki kirahisi na magunia ya kwenye karatasi. La pili, neno ugavi linatokana na kugawa. Kununua kwa bei nzuri si mwisho. Mwisho ni yule mtoto mwenye sahani. Nami nilimtumia mtoto huyo kama kisingizio, jambo ambalo wakubwa wako watalifanya pia: watakuambia wagonjwa wanasubiri, wanafunzi wana njaa, mvua inakuja. Mara nyingi itakuwa kweli. Ukweli huo ndio utakaoitumika kukutaka utie sahihi kwa kisichokuwapo. La tatu, jifunze kusema hapana kwa sauti ya chini, na uandike. Siku utakapohamishwa, na inawezekana ukahamishwa, leja itabaki ikisema.

"Ikinigharimu je, Babu?"

Sikuwa na jibu jepesi. Ilimgharimu bwana stoo masomo yake, na aliyempa hasara hiyo nilikuwa mimi. Nilimwambia hivyohivyo. Nikamwambia kwamba katika kazi yake atakutana na wakuu wa aina yangu, watu wazuri tu, wenye haraka na wenye kiburi kidogo, na hao watamsumbua kuliko wezi, kwa kuwa mwizi anajijua. Na siku atakapokuwa meneja yeye mwenyewe, akapata wa chini yake anayemkatalia kwa adabu, amsogezee kiti.

Bibi yake alikuwa ameacha kuchambua mchele. "Kumbe ndiyo ile miezi ya nyanya," akasema. Miaka yote hiyo sikuwahi kumweleza kisa chote.

Mwezi uliofuata mjukuu alirudi. Alikuwa anaomba mkopo wa masomo na alitaka nimtilie sahihi kama mdhamini. Akanipa kalamu, akaniambia daladala inamsubiri. Fomu ilisema viambatisho saba. Nikavaa miwani nikavihesabu. Vilikuwa sita, kimoja alikuwa amekisahau kwenye mashine ya fotokopi.

Nikamrudishia kalamu, nikamwambia akakichukue kwanza. Alikwenda mbio, akirudi akiwa anacheka. Vikawa saba, nami nikatia sahihi.